Shajara ya mradi: umri wa apdeti kwenye kompyuta za Kirumba

Jumamosi, 10 Januari 2026

Leo nimeanza rasmi. Kompyuta kumi na mbili, nyumba tisa, zote za mtaa wetu hapa Kirumba, Mwanza, isipokuwa moja iliyoko kisiwani Ukerewe kwa mjomba. Za ofisi na za shule sizigusi, hizo zina watu wake wanaolipwa. Nashughulika na zile zinazokaa juu ya kabati la vyombo zikifunikwa kitambaa cha kufuma: mtoto anafanyia kazi za chuo, mama anaandikia hesabu za biashara, Jumapili watu wanaangalizia filamu.

Kilichonisukuma ni mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni. Katikati ya mwezi uliopita alinijia na flashi mkononi, uso umemshuka. Hesabu zake za miezi minane, nani kachukua magunia mangapi na nani bado anadaiwa, zote zilikuwa zimegeuka vialama vyenye mshale. Faili zenyewe zilikuwamo humohumo. Kirusi kilikuwa kimezificha na kuweka njia za mkato za uongo mahali pake, ili kila anayebofya akiamshe kwanza kirusi ndipo afunguliwe folda yake. Tulizirudisha zote, Mungu ni mwema. Lakini nilipofungua ile ngao iliyo pembeni ya saa kwenye laptopu yake, nilikuta Microsoft Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, ipo, imewashwa, na apdeti yake ya mwisho ina miezi saba. Mlinzi yuko getini usiku kucha, ila picha za wezi alizopewa ni za zamani.

Antivairasi siku hizi ina mbinu nyingi, hata kutazama mwenendo wa programu. Bado sehemu kubwa ya kazi yake inategemea ile orodha ya alama za virusi inayotumwa na mtengenezaji. Microsoft hutoa orodha mpya mara kadhaa kwa siku. Wanaotengeneza virusi hubadilisha kidogo tu, kirusi kilekile kikavaa shati jingine, na orodha ya miezi saba haikijui tena.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Nafungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, naandika Get-MpComputerStatus, nasoma mstari wa AntivirusSignatureAge. Namba iliyopo pale ni idadi ya siku tangu orodha isasishwe. Nitaiita umri. Lengo: ikifika katikati ya Machi, pasiwe na kompyuta yenye umri unaozidi siku saba.

Jumapili, 11 Januari

Nimezunguka baada ya ibada, nyumba kwa nyumba, daftari mkononi. Kompyuta tisa zimenipa namba: 0, 2, 5, 19, 28, 64, 97, 130 na 158. Desktopu ya mwalimu mstaafu imekataa kutoa jibu la maana, nitaieleza. Desktopu moja ni ya Windows 7. Ya mjomba sijaiona.

Iliyoniuma zaidi ni hiyo 28. Ni ya mama wa dagaa. Niliisafisha mwenyewe na kuiapdeti mwenyewe tarehe 14 Disemba, nikaondoka nikijua nimemaliza. Haijapata hata apdeti moja tangu siku ile. Kumbe nilichofanya Disemba kilikuwa kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Jumamosi, 17 Januari

Tundu la ndoo nimeliona.

Mama anatumia hotspoti ya simu. Kijana wake, ambaye ana akili sana ya mambo haya, aliona Windows inamaliza bando la wiki kwa usiku mmoja, akaenda kwenye mipangilio akauweka muunganisho ule kuwa wa kupimwa (metered), yaani Windows ijizuie kupakua vitu vizito humo. Ni uamuzi sahihi kabisa. Apdeti za Windows zenyewe zinaweza kufika gigabaiti kadhaa, na hakuna mama wa Mwaloni atakayenunua bando kwa ajili hiyo. Tatizo ni kwamba Defender nayo, isipoelekezwa vingine, haichukui orodha zake kwenye muunganisho wa kupimwa. Kijana alifunga mlango kumzuia ng'ombe, na kuku naye akabaki nje.

Dawa ni mstari mmoja, unaoandikwa kwenye PowerShell iliyofunguliwa kwa ruhusa za msimamizi:

Set-MpPreference -MeteredConnectionUpdates $true

Hapo muunganisho unabaki wa kupimwa, apdeti kubwa za Windows zinaendelea kusubiri, lakini orodha ya virusi inaruhusiwa kupita.

Mama aliniuliza swali ambalo kila mtu ana haki ya kuuliza: “Sasa hiyo haitanila bando, mwanangu?” Nikamweleza kwamba inategemea na umri. Orodha ikiwa ya jana, Defender inachukua nyongeza tu. Ikikaa muda mrefu, mzigo unakua, na ikizidi sana inabidi uletwe wote upya, zaidi ya megabaiti mia. Anayeogopa gharama ndiye anayetakiwa kuapdeti kila siku. Alicheka, akasema ni kama deni la dukani, ukilipa kidogokidogo huoni maumivu. Nimemwachia hivyo, nitaangalia wiki ijayo.

Nilipopita kwenye zile tisa, nne zilikuwa na tatizo hilihili: 28, 64, 97 na 130. Zote nimezifungulia.

Jumatano, 21 Januari

Mama wa dagaa: umri 0. Zile tatu: 0, 0, 1. Bando la mama halijalalamika.

Jumamosi, 24 Januari

Leo siku nzima kwa mwalimu. Shikamoo, marahaba, chai, kisha historia ya desktopu yenyewe, aliyoinunua alipostaafu ili aandike kumbukumbu za ukoo wake. Ana kurasa zaidi ya mia tatu mle ndani, majina ya mababu mpaka kizazi cha saba. Sikutaka hata kufikiria zipotee.

Ana ruta nyumbani, bando lipo, hakuna mpangilio wa kupimwa, ngao imewashwa. Kila tukibofya kutafuta apdeti, inakataa. Nimehangaika saa nzima na nusu. Nikajaribu kufungua tovuti ya Microsoft, kivinjari kikasema haiaminiki. Nikajaribu nyingine, nayo haiaminiki. Ndipo nikatazama kona ya kioo: tarehe 1 Januari 2015.

“Mwalimu, hii saa huwa inakuwa hivi?”

“Kila asubuhi, mwanangu. Nimezoea. Saa naangalia ya ukutani.”

Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayoamini kuwa ni 2015 inaona vyeti vyote vya leo bado havijaanza kutumika, inakataa kuzungumza na seva, na orodha haiji. Nayo saa inarudi nyuma kwa sababu ya betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu, CR2032. Kompyuta ikichomolewa ukutani, betri hiyo ndiyo inayoshika saa. Na mwalimu anachomoa kila usiku, hasa mvua za radi zinapotanda juu ya ziwa. Simlaumu. Anayeishi huku anajua radi za Ziwa Victoria, na wapo majirani waliounguza televisheni. Nimemwambia aendelee kuchomoa.

Nimeshuka mjini nikanunua betri kwa shilingi elfu mbili. Nimeiweka, nimerekebisha saa, nimebofya tena. Orodha imeingia. Mwalimu amenishika mkono kwa mikono yake miwili: “Wabeja sana.” Nimesimama pale nikiwaza ni desktopu ngapi za Mwanza zimezeeka hivi, zina antivairasi nzuri na intaneti nzuri, na zimekwamishwa na betri ya elfu mbili ambayo hakuna aliyefikiria kuiuliza.

Jumamosi, 31 Januari

Siku mbaya. Naiandika yote kwa sababu ndiyo itakayomsaidia mwingine.

Nyumba mbili hazina bando la kudumu kabisa. Kwa hizo, na kwa mjomba Ukerewe, mpango wangu ulikuwa kupakua apdeti kwangu usiku, bando linapokuwa nafuu, nikaipeleka kwa flashi. Microsoft inatoa faili moja lenye orodha nzima, mpam-fe.exe, la biti 64 na la biti 32 mbalimbali. Unalibofya mara mbili, basi. Halifungui dirisha wala halisemi limemaliza. Watu wengi hudhani halijafanya kitu na kulibofya mara sita. Uthibitisho ni kusoma umri tena.

Nyumba ya kwanza ni ya binti wa chuo, ile laptopu ya siku 158. Nimechomeka flashi, nimebofya, umri umeshuka. Nimefurahi. Nimechomoa, nimekwenda nyumba ya pili. Nimechomeka, na badala ya faili langu nimeona folda yenye mshale, jina lilelile la flashi yangu. Nimeganda.

Laptopu ya binti ilikuwa na kirusi tayari, na kiliingia kwenye flashi dakika ileile nilipoichomeka, kabla orodha mpya haijaanza kazi. Mimi niliyeleta dawa ndiye niliyebeba ugonjwa mlango hadi mlango. Nilimwambia mwenye nyumba ya pili palepale, sikuficha. Yake haikupata kitu kwa kuwa sikubofya ile njia ya mkato. Nimerudi kwa binti, nimemweleza naye, nimechanganua laptopu yote mpaka saa tatu usiku. Kisha nimezifichua faili za flashi kwa amri ya zamani ambayo kila fundi anaijua, attrib -h -r -s /s /d, baada ya laptopu kusafishika, maana ukifanya kabla ni kazi bure.

Kuanzia leo, sichomeki tena kwenye kompyuta ya mtu kitu kinachoweza kuandikwa.

Jumanne, 3 Februari

Nimepata kadi ya SD yenye kile kikufuli kidogo cha pembeni. Ukikisukuma chini, kompyuta inaweza kusoma tu. Angalizo kubwa: kikufuli hakifungi kadi yenyewe, ni kisomaji kinachokiheshimu, na visomaji vya bei poa vingine havijali. Nilijaribu vitatu nyumbani kwa njia rahisi, kufunga na kisha kujaribu kufuta faili. Viwili vilikataa kufuta, kimoja kilifuta bila wasiwasi. Hicho nimekitoa kwenye begi.

Faili nalipakua kwenye tovuti ya Microsoft tu. Kuna watu wanalirusha kwenye makundi ya WhatsApp, na nimeombwa nilichukue huko kuokoa bando. Hapana. Kabla ya kuliweka kwenye kadi, naangalia sifa zake kama saini ya kidijitali ya Microsoft ipo na ni halali.

Jumamosi, 7 Februari

Nilimuuliza binti wa chuo flashi yake ilipita wapi kabla ya kuugua. Steshenari. Nilimuuliza mama wa dagaa. Steshenari ileile, alikwenda kuprinti risiti. Watu wanne kati ya tisa wanakwenda hapo kuprinti na kutoa kopi.

Nilisema sigusi kompyuta za biashara, lakini sharti hilo nimelivunja leo kwa moyo mweupe. Dada mwenye steshenari alidhani nimekuja kumshtaki. Nikamwambia, dada yangu, wewe ndiye uliyeumia kuliko wote, maana flashi za mtaa mzima zinakupitia. Kompyuta yake ilikuwa na antivairasi ya majaribio iliyokwisha muda, na Defender ilikuwa imejiweka pembeni kuipisha. Nimeiondoa ile ya majaribio, nimewasha upya, Defender ikarudi kazini yenyewe. Umri 0 kufika jioni. Orodha yangu sasa ina kompyuta kumi na tatu, na naamini hii moja imefanya kazi kubwa kuliko nyingine tano.

Yeye mwenyewe ametoa wazo ambalo mimi sikuwa nalo: wateja wenye simu wamtumie faili kwa barua pepe, asipokee flashi ila pale inapobidi.

Jumamosi, 14 Februari

Tangu siku ya kwanza kuna laptopu moja ambayo sijaijali kwa sababu umri wake ni 0 kila nikipita. Ni ya kijana anayefanya kazi za picha za harusi. Nilikuwa naitumia kama mfano kwa wengine.

Leo nilikuwa nayo mezani nikaamua kumwonyesha jaribio la EICAR. Ni maandishi ya herufi 68 ambayo watengenezaji wa antivairasi wamekubaliana kuyatambua kana kwamba ni kirusi, ingawa hayana madhara yoyote. Unayahifadhi kwenye faili, antivairasi iliyo macho inalikamata papo hapo. Mimi nilikuwa nimeliacha jaribio hili mwanzoni mwa mradi, kwa hoja kwamba linatambuliwa hata na orodha ya mwaka mzima uliopita, hivyo halinipi umri.

Nimehifadhi faili. Kimya. Nimelifungua. Kimya.

Ngao ya kijani, orodha ya leo, na haikamati kitu. Nimeandika Get-MpPreference na kusoma mstari wa ExclusionPath. Palikuwa na C:\. Diski yote imewekwa kwenye orodha ya vitu visivyochunguzwa. Kijana alinunua laptopu iliyotumika, na aliyemuuzia alimwekea Windows na programu za picha zilizovunjwa ufunguo, zisizo na leseni. Programu za aina hiyo Defender huzipigia kelele, na njia ya mkato ya mafundi wa namna hiyo ni kuifumba macho Defender. Apdeti zikaendelea kuingia kila siku kwa uaminifu, bando likaliwa, na hakuna faili hata moja lililochunguzwa kwa muda wote huo.

Nimekiondoa kile kipengele, nimechanganua, vitu sita vimekamatwa, kimoja ni cha kuiba nywila. Nimemshauri bila kuzunguka: hamisha picha za wateja, futa diski, weka Windows upya, badilisha nywila zote ukiwa kwenye simu au kompyuta nyingine, anza na barua pepe. Ilimuuma, lakini ameelewa.

Kuanzia sasa ziara ina hatua mbili. Umri unaniambia orodha ni ya lini. EICAR inaniambia kama kuna mtu anayeisoma. Kesho narudi kwa wote kumi na mbili waliobaki.

Jumapili, 15 Februari

Nimepita kumi na moja, zote zimekamata. Bado ya Ukerewe.

Jumamosi, 21 Februari

Mvua, umeme umekatika mara tatu. Nimefanya moja tu, Windows 7. Msaada wa mfumo huo ulikwisha 14 Januari 2020, na orodha ya virusi haiwezi kuziba matundu ya mfumo wenyewe. Tumekubaliana na mzee mwenye nyumba: haiunganishwi intaneti, flashi za nje haziingii, wajukuu wachape na kuangalia filamu zao. Kwenye daftari langu nimeitoa kwenye hesabu ya umri.

Mwalimu amenipigia. Amesikia Windows 10 imekwisha, na yeye anayo. Ana hofu Defender yake itaacha kupata orodha. Nimemjibu kwamba hayo ni mambo mawili. Apdeti za kawaida za mfumo zilikoma 14 Oktoba 2025, lakini Microsoft imesema itaendelea kutoa orodha za Defender kwenye Windows 10 mpaka Oktoba 2028. Asidanganyike tu kwamba hiyo inatosha. Nimempa mfano wa WannaCry, mdudu aliyefunga faili za watu duniani na kudai fidia: ulilipuka 12 Mei 2017, na kiraka cha tundu ulilopitia kilikuwa kimetolewa Machi 2017. Waliokuwa na kiraka, mdudu hakuweza kuwaingilia kwa tundu lile. Kwa hiyo yeye na wenzake sita wenye Windows 10 nitawaandikisha kwenye nyongeza ya muda wa viraka, inayofika Oktoba 2026. Inapatikana bila malipo kwa anayeingia na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake huko.

Jumamosi, 28 Februari

Kadi imekwenda Ukerewe. Nimeipakia orodha usiku wa Ijumaa, nimeifunga kikufuli, nimempa binamu yangu aliyekuwa anapanda meli ya Nansio, na kisomaji kimojawapo kati ya vile viwili. Maelekezo nimeyaandika kwa mkono kwenye karatasi, hatua nne. Jioni mjomba amenitumia picha ya kioo chake: kabla, siku 243, baada, 1. EICAR imekamatwa. Hiyo siku 1 ni safari ya majini.

Nimemwambia mjomba kadi itavuka kila wiki mbili. Akasema ikizidi hapo atavuka yeye kuja kuifuata.

Jumamosi, 14 Machi

Kipimo cha mwisho cha awamu hii. Kompyuta kumi na mbili zenye kuhesabiwa umri, ikiwemo ya steshenari: nane ziko kwenye 0 au 1. Mwalimu 2, kwa sababu alichomoa siku mbili za radi. Nyumba mbili zisizo na bando, 6 na 6, zinasubiri kadi ya leo. Ya mjomba, 15, imepita lengo. Binamu alichelewa na kadi imevuka leo asubuhi.

Siyo zote chini ya saba, na naliandika hivyo. Kwa Ukerewe wiki mbili ni nyingi. Nimeongea na kijana wa mama wa dagaa, yule aliyeweka muunganisho wa kupimwa. Mizigo ya mama yake huvuka karibu kila Alhamisi, na amekubali kadi isafiri na risiti za dagaa. Atapakua yeye mwenyewe Jumatano usiku, atakagua saini, atafunga kikufuli. Nimemfundisha leo, na nimemwachia daftari jipya lenye safu tatu: tarehe, umri, EICAR.